Kwa Nini Muuguzi Hufuta Swali Kabla ya Kulituma

Ndugu viongozi wa huduma za uuguzi, wakufunzi, wauguzi na wakunga wenzangu, pamoja na wanafunzi mlioketi huko nyuma: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie mambo yanayomvuta muuguzi kujifunza pamoja na wenzake mtandaoni, na yale yanayomrudisha nyuma. Ninaposema kujifunza pamoja nina maana ya kundi la WhatsApp la wodi linalojadili dawa na vidonda, waraka mmoja unaoandikwa na watu kumi, jukwaa la chuo lenye sehemu ya majadiliano, au kikao cha video cha kila wiki ambacho kituo kidogo kinaleta habari za mgonjwa wake mgumu na wenzao wa hospitali kubwa wanasikiliza na kuchangia. Sizungumzii somo la video ambalo mtu analitazama peke yake, anajibu maswali mwishoni na kupakua cheti. Somo la namna hiyo lina faida yake, lakini halimdai mtu chochote zaidi ya muda. Kujifunza pamoja kunadai zaidi. Unatoa unachokijua, unaanika usichokijua, na wenzako wanaona yote mawili. Naomba tuishike tofauti hiyo tangu sasa, maana naona miradi mingi inapangwa kana kwamba haipo.

Mradi wa aina hii ukifa, maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba wauguzi wanaogopa teknolojia. Sikubaliani nayo hata kidogo. Muuguzi ndiye anayeseti pampu ya dawa saa nane usiku, ndiye anayesoma monita na kujua kama kengele inalia kwa sababu ya mgonjwa au kwa sababu waya umelegea kidoleni. Mtu wa namna hiyo hashindwi na kundi la majadiliano. Akilikimbia, ana sababu, na sababu hizo zinatoka wodini kuliko zinavyotoka kwenye simu.

Watafiti wamelichimba swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Fred Davis alichapisha modeli yake ya kukubalika kwa teknolojia, akasema uamuzi wa mtu unabebwa na mambo mawili: anaamini kitu hicho kitamfaa kazini, na anaamini hakitamtaabisha kukitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh, pamoja na Davis huyohuyo na wenzao wengine wawili, walikusanya modeli nane zilizokuwapo wakazifanya moja. Mle ndani wakaweka pia nguvu ya watu wanaomzunguka mtumiaji, na mazingira yanayomwezesha: vifaa, mtandao, mtu wa kumwomba msaada. Wakasema pia kwamba umri, jinsia, uzoefu na hiari hubadilisha uzito wa kila kimoja. Tafiti nyingi kuhusu wauguzi zimejengwa juu ya misingi hiyo, nami nawafundisha wanafunzi wangu misingi hiyo. Ila tukumbuke ilipatikana kwa kuwachunguza zaidi watu wanaofanya kazi wakiwa wameketi mbele ya kompyuta. Muuguzi haketi. Kwa hiyo kila neno katika modeli hizo inabidi tulipeleke wodini kwanza, tuone linasimamaje huko.

Chukueni hilo la kufaa. Kwa muuguzi, kitu kinachofaa ni kile kitakachobadilisha mkono wake katika zamu ijayo. Nitatoa mfano wa wakunga. Kwa miaka mingi tulifundishwa kukadiria kwa macho damu anayoipoteza mama baada ya kujifungua, na macho yanadanganya, hasa damu ikiwa imenyonywa na mashuka. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, lililohusisha zaidi ya akina mama laki mbili. Chini ya mama uliwekwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na damu ilipofika kiwango cha hatari mkunga alianza matibabu yote kwa mpigo: kusugua mji wa mimba, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia kuzuia damu isiendelee kutoka), dripu, kutafuta chanzo na kuita msaada. Matukio mabaya, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kifo kilichotokana nayo, yalipungua kwa asilimia 60.

Mkunga aliyemaliza chuo kabla ya hapo atayapataje maarifa haya? Mwongozo utatumwa, utachapishwa, utawekwa kwenye faili. Lakini mwongozo haumwambii afanye nini mama anapojifungulia ubavu na mfuko ukahama, au afanyeje maji ya uzazi yanapochanganyika na damu, au amweleze vipi mama kwa nini ananyanyuliwa kiuno wakati ambao hataki kuguswa. Hayo yanajulikana na mkunga mwenzake aliyeyakuta juzi. Akiyaandika kwenye kundi usiku huohuo, kesho yake wenzake katika vituo vingine wana kitu mkononi. Kundi lenye maarifa ya aina hii halihitaji kampeni. Kundi linalojaa hotuba zilizosambazwa, salamu za asubuhi na mafaili ya kurasa themanini litanyamazishwa, na anayelinyamazisha simlaumu.

Upande wa urahisi sitakaa sana. Nenosiri linaloisha muda kila mara, jukwaa linalofunguka kwenye kompyuta tu na kompyuta yenyewe ni moja na inatumika kuingizia kumbukumbu za wagonjwa, mtandao unaoshika kwenye korido tu: yote hayo yanaua hamu, na tiba yake inajulikana. Ni fedha na uamuzi.

Muda ndio mgumu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025, lilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani kufikia mwaka 2023, na upungufu wa wauguzi milioni 5.8. Upungufu huo mnaujua kwa miguu yenu. Zamu yenye watu pungufu ikianza, kitu cha kwanza kukatwa ni kujifunza, kwa sababu hakuna mgonjwa anayelalamika siku hiyohiyo kwamba muuguzi wake hakujifunza. Basi tunakuja na zana ya mtandaoni, tunasema kwa furaha kwamba sasa unaweza kujifunza popote na wakati wowote. Tuangalie maana yake kwa mtu aliyetoka zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili. Maana yake ni kitandani kwake, siku yake ya mapumziko, kwa bando alilolinunua mwenyewe. Tena sehemu kubwa sana ya wauguzi duniani ni wanawake, na wengi wao wakifika nyumbani wanakuta zamu nyingine inawasubiri. Kumwambia mtu huyo kwamba kushiriki ni hiari, kisha kumuuliza kikaoni kwa nini haonekani kwenye kundi, ni kumwongezea kazi bila malipo na kuiita elimu. Nasema wazi kwamba muda wa kujifunza usipoandikwa kwenye ratiba ya zamu, haupo, hata jukwaa liwe zuri namna gani.

Kuna jambo dogo hapa ambalo watunga sera hawalioni kwa sababu hawasimami kando ya kitanda. Muuguzi anatoa simu mfukoni ili ahakikishe kipimo cha dawa ya mtoto, au asome jibu ambalo mwenzake ametoka kumwandikia. Bibi aliyeketi kando ya mjukuu wake anamtazama. Anachokiona bibi ni kijana anayechati mgonjwa akiwa na homa. Muuguzi analijua jicho hilo, analihisi mgongoni, kwa hiyo anarudisha simu mfukoni au anakwenda kuisomea chumba cha dawa, mbali na mgonjwa ambaye taarifa ile inamhusu. Katika wodi nyingine kuna tangazo ukutani linalokataza simu kwa wafanyakazi, na mkuu aliyelibandika ndiye aliyewaingiza wote kwenye kundi la kujifunza. Muuguzi afuate lipi? Kwa maoni yangu tangazo hilo lishushwe, libandikwe jingine linalowaeleza wagonjwa na ndugu zao kwamba wauguzi hapa hutumia simu kuhakiki dawa na kushauriana, na wagonjwa na ndugu wana ruhusa ya kuwauliza wauguzi hao wanaangalia nini. Nao wauguzi wazoee kusema kwa sauti: «Bibi, naangalia kipimo cha dawa yake.» Bibi akishasikia hivyo, jicho linabadilika.

Kuhusu umri nitasema kidogo, kwa sababu umesemwa kupita kiasi. Ni kweli kijana anazoea programu mpya haraka. Lakini kinachotafutwa kwenye kundi ni maarifa ya uuguzi, na hayo wanayo hawa dada na mama zetu waliokaa wodini miaka ishirini, wanaomtazama mgonjwa usoni na kusema huyu usiku wa leo hatatulia, kabla kipimo chochote hakijapanda. Wengi wao wananyamaza mtandaoni kwa sababu wanaandika polepole, na hawataki makosa ya herufi yaonekane na vijana ambao wao wenyewe ndio waliowafundisha kuweka kanula, ile mirija midogo ya kwenye mshipa. Ujumbe wa sauti umewafungulia mlango wengi. Dakika mbili za sauti ya muuguzi mzoefu akieleza namna anavyomgeuza mgonjwa mzito bila kumchubua ngozi ni somo kamili, na kijana mmoja akipewa jukumu la kuliandika chini kwa maneno, litatafutika hata baada ya miezi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Fikirini kundi la wodi lenye watu arobaini. Ndani yumo mkuu wa wodi, wamo madaktari wawili watatu, yumo msimamizi wa mafunzo. Ni usiku. Muuguzi mmoja ana mgonjwa mwenye kidonda cha mgandamizo, kile cha kulalia sehemu moja muda mrefu, nyuma ya kisigino, kimefunikwa na gamba jeusi, kavu, limeshika. Hajui kama aliondoe au aliache. Juu ya skrini wenzake wanaona jina lake na neno «anaandika». Linakaa. Linapotea. Linarudi tena, kisha linapotea moja kwa moja. Hakuna ujumbe uliofika. Ameliandika swali, akalisoma, akamkumbuka nani atalisoma, akalifuta. Gamba la namna ile kwenye kisigino, likiwa kavu, limeshika na halina dalili za maambukizi, kwa kawaida huachwa, kwa sababu linafunika kama kifuniko cha asili. Mtu mmoja katika wale arobaini angemjibu kwa sentensi hiyo moja. Hakuuliza, na pengine akaliondoa.

Kwa nini alilifuta? Wodini swali la mdomo linapita. Unamvuta mwenzako pembeni, unamnong'oneza, mnamaliza. Swali lililoandikwa linabaki pale, lina jina lako, lina saa. Linaweza kupigwa picha ya skrini na kupelekwa kundi usilolijua. Linaweza kukumbukwa siku ya tathmini ya kazi, au siku mgonjwa yule anapopata madhara na kamati inatafuta nani hakujua nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na tunaurudia msemo huo darasani kila siku, lakini muuguzi anaangalia kilichompata mtu wa mwisho aliyeuliza. Kama alijibiwa «Hili ulifundishwa mwaka wa kwanza», wengine wote thelathini na tisa wamejifunza somo lao siku hiyo.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na jambo hili katika miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya dawa hospitalini. Alitarajia timu zinazofanya kazi vizuri ziwe na makosa machache. Akakuta ndizo zenye makosa mengi zaidi kwenye takwimu. Alipochimba akaona timu hizo zilikuwa zinasema makosa yao wazi, wakati nyingine zilikuwa zinayaficha. Mwaka 1999 akaandika kuhusu hali hiyo ya watu kujisikia salama kusema mbele ya wenzao bila kuaibishwa wala kuadhibiwa. Wakuu wa wodi, naomba mlitumie hilo kusoma makundi yenu. Kundi lililo kimya wiki nzima halina maana kwamba kila mtu anajua.

Kuna wanaopendekeza maswali yatumwe bila jina. Kwa kuanzia, sawa, na kwa mambo ya aibu ni msaada mkubwa. Ila asiye na jina hawezi kuulizwa «mgonjwa wako anaendeleaje?», na hapo ndipo nusu ya mafunzo ilipo. Naamini zaidi katika njia mbili. Ya kwanza ni kulitenganisha kundi la kujifunza na kundi la kazi. Mahali panapotangazwa ratiba, maonyo ya kuchelewa na nani atafika mbele ya kamati hapawezi kuwa mahali pa kukiri usichokijua, hata ukipaita jina zuri. Ya pili ni mkuu awe wa kwanza kuuliza, na aulize swali ambalo kweli hana jibu lake. Watu wanatambua mara moja swali la mtego la mwalimu. Mkuu akiandika kwamba dripu ya mgonjwa wa kitanda fulani imemshinda na anaomba aliyewahi kukutana na hali hiyo amwelekeze, kisha mwanafunzi akamjibu naye akashukuru mbele ya wote, amefanya kazi ambayo semina haiwezi kuifanya.

Hofu nyingine ni ya faragha, nayo ni hofu ya haki. Picha ya kidonda inafundisha kuliko maelezo marefu, na picha hiyohiyo inaweza kumvunjia mgonjwa heshima yake maisha yote. Wengi wanajipa moyo kwamba WhatsApp imefunga mazungumzo kwa usimbaji tangu 2016, hivyo hakuna anayesoma katikati. Ni kweli, lakini usimbaji hauzuii mwanakundi kusambaza, wala simu kuibiwa, wala picha kujihifadhi yenyewe kwenye albamu moja na picha za harusi ambazo watoto wanazichezea. Kuondoa jina hakutoshi pia. Sura, chale, tarehe, namba ya kitanda, au ugonjwa ambao mtu mmoja tu anao eneo zima, kila kimoja kinamtaja. Sasa nimeona taasisi zikijibu hatari hii kwa kunyamaza. Hakuna kanuni, kuna minong'ono tu kwamba mtu fulani aliwahi kufukuzwa. Matokeo yake mwangalifu anajitoa na asiyejali anaendelea kutuma. Ukurasa mmoja wa maelezo ungetosha: nini kinaruhusiwa, ridhaa ya mgonjwa inaombwaje na inaandikwa wapi, picha inafutwa lini, nani aulizwe ukiwa na shaka. Muuguzi anayejua mpaka ulipo hutembea bila woga ndani yake.

Na jibu lisilo sahihi je? Litatokea. Mtu mwenye kujiamini ataandika kipimo cha dawa kimakosa, na ukimya wa wengine utasomwa kama kukubali. Ndiyo maana kundi linahitaji mlezi, mtu mwenye ujuzi anayepitia majibu, anayedai chanzo, anayeondoa faili la mwongozo wa zamani mpya unapotoka. Kazi hiyo ni kazi. Ihesabiwe kwenye majukumu yake.

Msije mkadhani haya hayawezekani. Mwaka 2003 Sanjeev Arora, daktari wa ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico, alikuwa na foleni ndefu ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliosafiri mbali kumfuata. Akaanzisha vikao vya video vya kila wiki, watoa huduma wa vituo vya vijijini na vya magereza wakawa wanaeleza wagonjwa wao wenyewe, wanajadiliana na mabingwa na wao kwa wao, kisha wanatibu hukohuko. Matokeo yalichapishwa 2011. Virusi viliondoka kwa asilimia 57.5 ya waliotibiwa kliniki ya chuo kikuu, na asilimia 58.2 ya waliotibiwa vituoni. Mpango huo, unaoitwa ECHO, umeenea nchi nyingi tangu hapo, na wauguzi wamo ndani yake. Teknolojia yake ilikuwa ya kawaida. Kilichoubeba ni siku na saa isiyobadilika, wagonjwa halisi wasiotajwa majina, na kituo kidogo kupewa nafasi ya kusema kwanza.

Mabaraza ya uuguzi yaliyo na wawakilishi hapa, nina neno moja kwenu. Saa za elimu endelevu zinahesabiwa kwa cheti cha kuhudhuria. Muuguzi aliyelala nyuma ya ukumbi anapata pointi. Aliyeongoza majadiliano ya mwezi mzima kuhusu usalama wa damu hapati kitu. Mpokeeni huyu wa pili na maelezo yake mafupi ya alichojifunza na alichobadilisha kwa wagonjwa wake, yakiwa yamethibitishwa na mlezi wa kundi.

Na kwenu wakuu wa wodi. Ratiba ya zamu ya mwezi ujao mnaiandaa wiki hii. Katika kila wiki wekeni saa moja ya kujifunza pamoja, mbele yake jina la atakayeingia, na kando ya jina hilo jina la atakayewashika wagonjwa wake kwa saa hiyo, kama mnavyofanya mtu anapokwenda kula. Bando la saa hiyo lilipwe na hospitali. Halafu swali la kwanza kwenye kundi litoke kwenu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.